Sampuli za Korogwe na Handeni: barua ya wazi kwa wanaoagiza vipimo vya maji na udongo

Kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, Mamlaka ya Maji ya HTM (Handeni Trunk Main), na halmashauri za wilaya na za miji za Korogwe na Handeni

DDT, dieldrini, lindani, endosalfani, mafuta ya PCB yaliyotiwa ndani ya transfoma za zamani, na hidrokaboni za masizi yanayoganda kwenye kuta za jiko la kuni: vyote hivi ni vichafuzi vya kikaboni vyenye mvuke hafifu. Shirika la Afya Duniani huzipanga kemikali za kikaboni kwa joto zinapochemkia, na kundi hili limewekwa kuanzia nyuzi 240 hadi 260 za Selsiasi upande wa chini, hadi nyuzi 380 au 400 upande wa juu. Petroli ikimwagika sakafuni hupotea hewani kabla jua halijatua. DDT ikimwagika mahali hapo hapo, wajukuu wa aliyeimwaga wataikuta. Lakini hata hiyo haitulii kabisa. Joto la mchana huinua sehemu ndogo ya mvuke wake, ubaridi wa usiku au wa milimani huushusha mahali pengine, na inayobaki husafiri na vumbi na tope.

Sifa nyingine ya kundi hili ndiyo inayoamua kazi yote ya maabara: kemikali hizi hazipatani na maji. Kwa joto la kawaida, lita moja ya maji safi huyeyusha mikrogramu chache tu za DDT. Ikiingia mtoni hukimbilia kila kisicho maji: chembe za tope, mboji, mafuta ya samaki, maziwa ya ng'ombe aliyenywa pale, na plastiki ya dumu lililotumika kuchotea. Kwa hiyo anayeitafuta DDT mtoni anatafuta kitu ambacho kimo kidogo sana majini, na hicho kidogo kiko tayari kuhamia kwenye kuta za chombo kabla hakijafika kwa mkemia.

Korogwe na Handeni zina sababu za kuyajua majina haya. Mpango wa Taifa wa kutekeleza Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu vichafuzi sugu vya kikaboni, ulioandaliwa mwaka 2005, uliitaja Old Korogwe miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyochafuliwa na viuatilifu vya zamani, pamoja na Vikuge, Tengeru na mengineyo. Mashamba ya mkonge yanayoizunguka Korogwe yana historia inayorudi hadi enzi za Wajerumani, na maelekezo ya kilimo hicho ya katikati ya karne iliyopita yalipendekeza unga wa aldrini dhidi ya fukusi wa mkonge. Aldrini ikikaa udongoni hugeuka kuwa dieldrini, ambayo ni sugu kuliko mzazi wake. Juu zaidi katika bonde, mpango wa malaria wa Pare-Taveta ulinyunyizia dieldrini ndani ya nyumba za watu kati ya mwaka 1955 na 1959. Mpunga wa Mombo na bustani za mboga za kando ya mito zina viuatilifu vyake vya leo. Matanuri ya mkaa ya Handeni hutoa moshi wenye hidrokaboni za masizi, mojawapo ikiwa benzo(a)pireni, inayojulikana kusababisha saratani. Kituo cha umeme cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, zama ambazo PCB ilikuwa kitu cha kawaida ndani ya transfoma duniani kote. Hakuna anayetuhumiwa hapa. Hizi ni sababu tu za kutoishia kwenye DDT pale orodha ya vipimo inapoandikwa.

Wilaya hizi mbili zimefungwa pamoja na bomba. Handeni ni nchi kavu, malambo yake hukauka kiangazi, na kwa miongo kadhaa bomba kuu la HTM limekuwa likichukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni. Mradi wa maji wa miji 28, uliotiwa saini mwaka 2022 kwa mkopo wa India, nao umeutegemea mto huo huo kwa ajili ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Tope linaloingia mtoni Korogwe ni jambo la Handeni pia.

Tanzania imekwisha kuona jinsi ghala moja linavyoweza kuharibu ardhi. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimepita muda wake. Vilihifadhiwa katika banda ambalo baadaye liliporomoka, mvua ikavinyeshea. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Michael Kishimba akiwa mmoja wao, walilichunguza eneo hilo kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, baada ya viuatilifu vyenyewe kuondolewa, ulikuta udongo ambao hadi asilimia 28 ya uzito wake ni DDT na masalia yake, na hadi asilimia 6 ni HCH, kundi ambalo lindani imo ndani yake. Mabaki yalipatikana hadi kina cha sentimita 50. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, John Mahugija na wenzake wa Ujerumani walichapisha vipimo vya udongo wa maghala ya zamani nchini, uliochukuliwa kati ya miaka 5 na 14 baada ya usafishaji. Viuatilifu hivyo vilikuwa bado vimo. Kusafisha ghala kwa maana ya kuondoa mapipa na magunia ni jambo moja, na kusafisha ardhi ni jambo jingine kabisa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, mwaka ule ule Bunge lilipopitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Wajibu wa kupima upo. Kinacholetwa mbele ya Bodi, HTM na halmashauri kwa barua hii ni namna ya kupima, na hasa sehemu yake isiyopigwa picha wageni wanapotembelea maabara. Wageni huonyeshwa mashine: kromatografu ya gesi, na nyuma yake spektrometa ya masi au kile kitambuzi cha kunasa elektroni alichokibuni James Lovelock mwaka 1957, chenye uwezo wa kunusa chembe za klorini kwa viwango vidogo mno. Mashine hizo ni nzuri, lakini hazijawahi kupokea maji ya Mto Pangani. Zinapokea tone dogo la kiyeyushi, kwa kawaida mikrolita moja, ambalo mtu amelitengeneza kutokana na maji hayo kwa siku moja au mbili za kazi ya mikono. Kilichopotea katika siku hizo mashine haiwezi kukirudisha.

Kazi huanza kwa chupa. Sampuli ya maji kwa kundi hili huchukuliwa katika chupa ya kioo cha rangi ya kahawia, lita moja, yenye kifuniko kilichotandikwa tefloni. Dumu la plastiki halifai hata likiwa jipya, kwa sababu hufyonza DDT na wakati huo huo huachia fthaleti, kemikali za kulainisha plastiki ambazo nazo ni za kundi hili hili na zitajitokeza katika majibu kana kwamba zilitoka mtoni. Chupa haisuuzwi kwa maji ya mtoni kabla ya kujazwa, kwa kuwa kila suuzo huacha kitu ukutani na kukiongeza kwenye hesabu. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huongezwa sodiamu thiosalfeti kidogo, kama miligramu 80 kwa lita, ili klorini isiendelee kuzishambulia kemikali njiani.

Handeni ina tatizo la ziada hapa. Uchimbaji mdogo wa dhahabu umewafanya maofisa wazoee sampuli za zebaki na metali nyingine, ambazo huhifadhiwa kwa kutiwa asidi ya naitriki na mara nyingi katika chupa za plastiki. Chupa hiyo haiwezi kutumika tena kwa viuatilifu. Safari moja ya gari la halmashauri inaweza kuhudumia vyote viwili, ila kwa chupa tofauti, na mchukua sampuli awe ameelezwa tofauti hiyo kabla ya kuondoka ofisini.

Kisha ni barafu na kalenda. Taratibu zinazotumika zaidi duniani, zile za Shirika la Mazingira la Marekani, zinataka sampuli ikae chini ya nyuzi 6 tangu inapochukuliwa. Maji yawe yamefanyiwa uziduaji, yaani kemikali zimetolewa ndani yake na kuhamishiwa kwenye kiyeyushi, katika siku 7. Udongo na tope vina siku 14. Baada ya hapo kimiminika kilichopatikana kinaweza kusubiri mashine hadi siku 40. Sampuli za Korogwe hulazimika kwenda Arusha au Dar es Salaam, na mara nyingi kifurushi hupanda basi. Kasha la barafu likifungwa vizuri hufika salama. Likifungwa vibaya, barafu huyeyuka, bakteria huanza kula kilichomo, na sampuli inayongojea koridoni kwa wiki mbili kwa sababu malipo hayajaidhinishwa huwa imekwisha kazi hata kama chupa bado imejaa. Ipo sababu, basi, ya kuidhinisha malipo kabla ya kuchota maji.

Swali linalofuata ni zito zaidi kwa Mto Pangani kuliko kwa kisima kirefu: maji yachujwe au yasichujwe? Masika ikipamba moto, Luengera na Mkomazi huumwagia mto mkuu tope la rangi ya chai ya maziwa. Kwa kuwa DDT na dieldrini hunata kwenye chembe, maabara inayochuja maji kwanza ili yapite vizuri kwenye vifaa vyake inatupa pamoja na uchafu kile inachokitafuta, kisha inaandika jibu safi. Maabara isiyochuja hupata jumla ya kilichoyeyuka na kilichonata. Majibu haya mawili yanaweza kupishana mno ingawa maji ni yale yale, na hakuna lililo uongo. Kosa ni kutosema ni lipi. Njia bora ni kupima vyote viwili kwa kutenga, maji yake na tope lake.

Kutokana na hilo linazaliwa pendekezo ambalo halina gharama kubwa. Mtambo wa kutibu maji hutuamisha tope kwa shabu, na kwa kufanya hivyo huondoa sehemu kubwa ya kemikali zilizonata. Tope linalokusanyika chini ya matangi ya kutuamishia kwa hiyo ni muhtasari wa miezi mingi ya mto. Chupa moja ya maji hueleza saa moja ya siku moja. Gramu 30 za tope hilo zinaweza kueleza msimu mzima, na tayari zipo, zinasubiri siku ya kusafisha matangi. Mahali linapotupwa tope hilo nako kunastahili kujulikana.

Maji yakifika maabara, uziduaji wa kawaida ni ule wa faneli ya kutenganishia. Lita nzima humiminwa humo, chupa husuuzwa kwa kiyeyushi na suuzo hilo huongezwa, maana sehemu ya DDT imebaki kwenye kioo. Hatua hiyo ndogo husahauliwa kuliko zote. Kisha huongezwa mililita 60 za diklorometheni, faneli hutikiswa dakika moja au mbili huku mvuke ukiachiwa utoke, na huachwa kwa dakika zisizopungua 10. Diklorometheni ni nzito kuliko maji, hushuka chini na kemikali zikiwa ndani yake, kama mafuta yajitengavyo na mchuzi uliopoa, ila yenyewe huzama badala ya kuelea. Huondolewa kwa bomba la chini, na zoezi hurudiwa mara mbili zaidi. Kwa orodha ndefu yenye fenoli na amini, maji hurekebishwa kwanza yawe na asidi kali, kisha yageuzwe kuwa ya kibesi na kuzidulwa upya, kwa sababu fenoli haiachani na maji ya kibesi.

Maji yenye taka za mkonge huleta usumbufu wake. Mashine za kusindika mkonge huosha majani kwa maji mengi, na yanayotoka yamejaa utomvu na nyuzi. Yakitikiswa na kiyeyushi hutoa utando mzito kama povu, tabaka mbili zikakataa kuachana. Mkemia mvumilivu huuvunja kwa chumvi, kwa mashine ya kuzungushia au kwa kuupitisha kwenye pamba ya kioo. Asiye na muda huumwaga. Njia nyingine ni kuyapitisha maji kwenye diski au kichungi chenye unga wa silika uliovikwa minyororo ya kaboni, unaonasa kemikali na kuachia maji. Njia hiyo hutumia kiyeyushi kidogo sana, jambo la maana kwa kuwa diklorometheni ni sumu, inachemka kwa nyuzi 40 tu na haifai kuvutwa puani na fundi anayefanya kazi katika joto la Tanga. Lakini diski huziba mara moja kwa maji ya masika.

Udongo una adabu zake. Haukaushwi juani wala katika oveni, maana zile zenye mvuke zaidi katika kundi zitaondoka na unyevu. Mawe na mizizi huondolewa, sampuli hukorogwa na kugawanywa mafungu manne mara kwa mara hadi kiasi kidogo kiwe mfano wa kweli wa kikubwa, kisha gramu 10 huchanganywa na sodiamu salfeti kavu, inayofyonza maji hadi mchanganyiko umiminike kama mchanga. Mchanganyiko huo huingia katika kifaa cha Soxhlet, kilichobuniwa na Franz von Soxhlet mwaka 1879 kwa ajili ya kupima mafuta ya maziwa na ambacho hakijastaafu mpaka leo. Kiyeyushi, mara nyingi heksani na asetoni nusu kwa nusu, huchemka chini, hupanda, hupoa, hudondokea udongo, na kikijaa hujimwaga chenyewe kurudi kwenye chupa. Mzunguko hujirudia mara nne hadi sita kwa saa, kwa saa 16 hadi 24. Kifaa hiki ni cha polepole na kinakula umeme usiku kucha, na umeme ukikatika saa nane za usiku kazi huharibika. Maabara zenye fedha hutumia mashine za shinikizo zinazomaliza kwa dakika chache, nyingine hutumia mtetemo wa sauti. Kwa udongo wa mfinyanzi uliokaa na DDT kwa miongo, Soxhlet bado ndiyo ya kuaminiwa, kwa maoni ya wengi walioifanya kazi hii. Mtetemo wa dakika tatu hutoa kilicho juu ya chembe na kuacha kilichojificha ndani.

Mboga na matunda vina njia nyepesi iliyochapishwa mwaka 2003 na Anastassiades, Lehotay na wenzao: gramu 10 za sampuli iliyosagwa, mililita 10 za asetonitrili, magnesiamu salfeti na chumvi ya kawaida, kutikisa, kuzungusha, basi. Ni njia inayofaa kwa nyanya za Lushoto zinazouzwa stendi ya Korogwe. Haifai, bila marekebisho, kwa maziwa, samaki au mayai, ambako mafuta ni mengi.

Kinachotoka katika uziduaji si kemikali inayotafutwa peke yake. Humo mna mafuta, nta, rangi ya majani, na katika tope la malambo mna salfa, inayotokea mahali pasipo hewa na inayokifanya kitambuzi cha elektroni kipige kelele kiasi cha kuzifunika nyingine. Salfa huondolewa kwa chenga za shaba safi. Mafuta na rangi huondolewa kwa kupitisha kimiminika kwenye safu ya Florisil au jeli ya silika, ambako kemikali hutoka kwa zamu kulingana na kiyeyushi kinachomiminwa. Ipo pia njia ya haraka, ya kukitikisa na asidi kali ya salfuriki, inayounguza takataka zote na kuacha kimiminika cheupe cha kupendeza. Kwa PCB na DDT njia hiyo hukubalika. Lakini asidi hiyo huiangamiza dieldrini, na endrini pia. Maabara iliyosafisha kwa asidi kisha ikaripoti kwamba dieldrini haikuonekana imesema kitu kisicho na maana yoyote. Katika bonde lililowahi kunyunyiziwa dieldrini, na lenye mashamba yaliyofundishwa kutumia aldrini, hili ndilo swali la kwanza la kuuliza kila ripoti inapofika mezani.

Baadaye kimiminika hupunguzwa kwa joto la taratibu, mwishoni kwa pumzi nyembamba ya naitrojeni, hadi kibaki mililita moja. Lita moja imekuwa mililita moja. Kilichokuwamo kimekolezwa mara elfu. Kikiachwa kikauke kabisa, kemikali nyepesi za kundi huondoka na hewa, na kosa hilo halionekani kwa macho kwa sababu fundi anaweza kuongeza kiyeyushi tena hadi kwenye alama.

Namna ya kuyakamata makosa yote haya ipo, na ni ya zamani. Kabla ya uziduaji, kila sampuli huongezwa kiasi kinachojulikana cha kemikali shahidi, isiyotarajiwa kupatikana katika mazingira lakini yenye tabia kama za zinazotafutwa. Kwa viuatilifu vya klorini hutumika tetrakloro-meta-zaileni na dekaklorobaifenili. Shahidi huyu hupitia kila hatua pamoja na sampuli, na mwishoni hupimwa amerudi asilimia ngapi. Akirudi 85, kazi inaaminika. Akirudi 20, kilichotafutwa nacho huenda kimerudi kwa kiasi kama hicho tu, hata kama mashine ni ya mwaka huu. Pamoja naye, kwa kila kundi la sampuli zisizozidi 20, huandaliwa sampuli tupu, yaani maji safi yasiyo na kitu yanayopitishwa hatua zile zile, na sampuli moja ya kweli iliyoongezwa kemikali zenyewe kwa kiasi kinachojulikana, ikarudiwa mara mbili.

Umuhimu wa sampuli tupu unaonekana kwa hesabu ndogo. Udongo wenye DDT asilimia 28, kama ule wa Vikuge, ukidondosha chembe moja ya miligramu 1 kwenye chombo kitakachotumika kwa maji, chembe hiyo ina mikrogramu 280 za DDT. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 1 ya DDT kwa lita. Chembe isiyoonekana vizuri kwa macho inatosha kuyafanya maji safi ya Handeni yaonekane yamevuka mwongozo mara 280. Udongo wa ghala la zamani na maji ya bomba kwa hiyo havisafiri katika kasha moja, havifunguliwi katika chumba kimoja, na vyombo vyake haviingiliani. Hofu ya bure katika mji ni madhara pia.

Hata mlangoni mwa mashine kuna mtego. Sehemu ya kuingizia sampuli huwa na joto kali, na ikichafuka huivunja DDT kuwa DDE na DDD, ambazo ndizo masalia yake ya asili udongoni. Taratibu za Marekani zinataka mvunjiko huo, kwa DDT na kwa endrini, usizidi asilimia 15, na upimwe kabla ya kazi ya siku. Hili lina uzito wa kiutawala. Uwiano wa DDT na masalia yake hutumika kuamua kama uchafuzi ni wa zamani au kuna mtu anayeendelea kuitumia kinyemela. Mashine chafu inaweza kuifanya DDT ya juzi ionekane ya miaka ya 1980, na mhusika akaponea hapo.

Ripoti ikishaandikwa, neno linalosomwa vibaya zaidi ni lile la kwamba kemikali haikugundulika. Maana yake ni kwamba haikuvuka kikomo cha ugunduzi cha maabara hiyo kwa njia hiyo. Mwongozo wa aldrini na dieldrini kwa pamoja ni mikrogramu 0.03 kwa lita. Maabara yenye kikomo cha mikrogramu 0.1 haiwezi kusema lolote juu ya usalama wa maji hayo, iandike ilivyoandika, na fedha zilizolipwa zimekwenda bure. Kikomo kinapaswa kujulikana kabla ya kusaini.

Nchini zipo taasisi zenye wataalamu wa kazi hii: Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, huko Arusha, na idara za kemia za vyuo vikuu. Ithibati ya ISO/IEC 17025, inayotolewa kwa maabara nyingi za ukanda huu kupitia SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC, ni dalili njema, lakini hutolewa kwa kipimo kimoja kimoja. Maabara yenye ithibati ya kupima risasi majini haina, kwa cheti hicho, ithibati ya kupima dieldrini kwenye tope. Kiambatisho cha cheti ndicho cha kusomwa.

Gharama itatajwa, na ni kweli kwamba uziduaji uliofanywa ipasavyo, wenye mashahidi, sampuli tupu na marudio, huongeza idadi ya vipimo bila kuongeza idadi ya vijiji vilivyopimwa. Ni afadhali vituo vitano vinavyoaminika kuliko ishirini visivyojulikana vilichakatwaje. Vitano hivyo si vigumu kuvitaja: udongo na kisima cha jirani ya ghala la zamani la Old Korogwe, tope la mto chini ya makutano ya Luengera, tope la matangi ya kutuamishia, maji ya bomba yanapofika Handeni, na tope la lambo moja linalonywewa na watu na mifugo. Wakati unaofaa ni mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi na mvua za kwanza za masika zinapokokota vumbi la miezi.

Bodi, HTM na halmashauri zinaombwa mambo mawili. Mkataba wowote wa kupima vichafuzi hivi utaje chombo, muda, uchujaji, njia ya uziduaji, njia ya usafishaji na kikomo cha ugunduzi, na ripoti isipokewe bila asilimia za mashahidi na majibu ya sampuli tupu. Na ripoti hiyo, ikishapokewa, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ikiwa kamili na kurasa zake zote, ili walimu wa kemia wa sekondari za Korogwe na Handeni waweze kuisoma na kuihoji.